Bapuji Amefumba Mdomo

Tanga, 12 Februari 2023

Kwako mdogo wangu Hasmukh,

Jai Shri Krishna. Nakuandikia nikiwa mzima, na naomba ukiisoma barua hii nawe uwe mzima, umeshiba na huna baridi. Jirani yetu Mama Pandu anakusalimu. Binti yake kaolewa Korogwe, na mkwe aliyepatikana anakula mpaka mama mkwe anaficha sufuria. Paa la jikoni bado linavuja pale pale. Mlango ulioahidi kuurekebisha kabla hujaondoka nimeshauzoea, naufunga kwa jiwe.

Barua hii anakuletea Zubeda, yule mfanyabiashara wa Ngamiani anayekuja huko kwa basi kufuata nguo. Unajua kwa nini sipigi simu. Tangu Diwali umenifungia, nikipiga inakata, ujumbe hausomwi. Sawa. Barua huwezi kuikata, maana inakuja na mtu, na Zubeda nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka uipokee.

Sasa jambo lenyewe. Bapuji anaumwa, na si kile kikohozi chake. Ni kansa, imeshafika kwenye ini. Daktari alinivuta pembeni akasema turudi nyumbani tumtunze tu. Baba yetu hakuambiwa na mtu, lakini anajua. Ametoa sandukuni dhoti nyeupe, ile nguo ya kiunoni anayoifunga mwana wa marehemu, akaniagiza niifue.

Anataka kitu kimoja, mwanawe wa kiume awashe moto wa kuchomea maiti yake. Kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa, "Hasmukh atakuja, Hasmukh atawasha." Na sikia hili. Maharaj amekubali kuja nyumbani kwetu kusoma maneno ya msiba. Kuhani, Hasmukh, ndani ya nyumba ya fundi viatu! Unamjua Bapuji, miaka yote kwenye karamu za Jumuiya ya Wahindu anakaa kwenye mkeka wa mwisho karibu na bomba, sahani yake anakuja nayo kutoka nyumbani. Leo mwenyekiti anasema mambo yamebadilika. Ametoa sharti moja tu, kwamba mwana awepo. Bila mwana, Maharaj haji.

Njoo, mdogo wangu. Usiniletee maneno, lete mwili wako.

Dada yako,
Kusum


Troyeville, Johannesburg, 19 Machi 2023

Dada Kusum,

Salamu nyingi kwako na kwa Bapuji. Mimi mzima. Umeme unakatika kila siku, ukirudi tunakimbilia jiko kama watu waliofiwa na subira. Nimepanga chumba katika nyumba moja ya zamani, tuko watatu. Jocelyne ni msusi kutoka Lubumbashi, Adrien ni fundi cherehani, Mrundi, na mimi. Kiswahili kila mtu ana chake, lakini tunaelewana vizuri sana tukigombania sufuria.

Habari ya Bapuji imeniumiza. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, Zubeda ananitazama, nikashindwa hata kumkaribisha chai.

Lakini safari kwa sasa ni ngumu, Dada. Pale Fordsburg kwenye duka la vitambaa tajiri hatoi ruhusa kipindi hiki. Halafu karatasi zangu za ukaazi ziko ofisini, nikivuka mpaka leo sitaruhusiwa kurudi. Nimempa Zubeda sweta ya Bapuji na dawa ya kuchua. Mtafutie dawa nzuri ya maumivu, asiteseke. Kuhusu moto, yule mtoto wa binamu yetu wa Moshi si ni mwanamume? Angetosha.

Mwambie Bapuji nampenda.

Hasmukh


Tanga, 23 Aprili 2023

Hasmukh,

JAI SHRI KRISHNA. Naiandika kubwa makusudi, maana barua yako haikuwa nayo. Nilikuwa namsomea Bapuji, macho yake sasa yameingia ukungu, akanikatiza. "Umeruka mwanzo," akasema. "Rudia." Ikabidi niiweke mwenyewe. Hata hiyo ya binamu wa Moshi niliiruka. Angeisikia, angejua hutaki kuja.

Sisi hatujambo, ukiacha mgonjwa. Mvua zimeanza na Mama Pandu ameporomokewa na ukuta wa choo. Sweta imemkaa Bapuji vizuri, amelala nayo ingawa huku tunatokwa jasho.

Zubeda si mtu wa kuficha maneno. Anasema chumbani kwako hakuna miungu, wala ile picha ya mungu wetu Ambaji aliyokuachia Mama. Ukutani kuna picha ya mtu amekaa chini, amefumba macho. Nikamuuliza ni nani, akasema hamjui, ila hana nguo ya kutosha kwa baridi ya huko. Kando yake kuna picha ya bwana mwenye suti na miwani. Tena Zubeda alimuuliza huyo Jocelyne wako habari ya karatasi. Jocelyne akacheka, akasema mwezi uliopita ulikwenda Maseru na ukarudi, kwa hiyo mpaka unavuka vizuri tu.

Mimi nilikubeba mgongoni, Hasmukh. Sistahili kudanganywa kuhusu ofisi. Nakuuliza usoni, umeingia dini gani?

Bapuji hawezi tena kula chapati. Nampa uji.

Kusum


Troyeville, 28 Mei 2023

Dada Kusum,

Salamu kwako, na pole kwa Mama Pandu. Baridi imeingia. Jocelyne amenunua hita ya mafuta ya taa, nyumba nzima inanuka gereji lakini vidole vinafanya kazi.

Umeniuliza usoni, nakujibu usoni. Mimi si Mhindu tena. Mhindi nimebaki, hilo halifutiki, lakini dini ya Kihindu nimeitoka. Mwezi wa kumi mwaka jana niliingia Ubudha.

Kuna hekalu la Kihindu kusini mwa jiji, jina silitaji. Kila Jumapili nilikuwa najitolea jikoni. Jina langu huku halimwambii mtu chochote kuhusu ukoo wangu, na hilo lilinipa raha ambayo siwezi kukueleza. Nilikuwa mtu tu. Sikukuu moja wakanipa kazi ya kupika dengu, sufuria lenyewe mtu angeweza kuogea ndani. Nikapika, Dada, kama Mama alivyopika, na bizari ile ile. Akaingia mgeni kutoka Tanga, mtu wa Jumuiya. Aliponiona akanikumbatia, akasema kwa sauti, "Jamani, huyu ni mtoto wa Ratilal fundi viatu, pale sokoni!" Alisema kwa furaha, hakuwa na ubaya wowote.

Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja wa jikoni aliniambia kwa upole kwamba nje wanahitaji mtu wa kupanga magari. Nikatoka, nikapanga magari. Baadaye nikaenda nyuma ya jiko kunywa maji, nikakuta dengu zangu zimemwagwa mtaroni, bado zinafuka moshi. Ndani walikuwa wanapika nyingine.

Nilipomweleza Adrien, akataka nimfahamishe vizuri. Nikamwambia kwetu anayeshika ngozi ya ng'ombe aliyekufa ni najisi, yeye na watoto wake na wajukuu zake, hata kama mjukuu hajawahi kushika sindano ya kiatu. Akacheka kicheko kibaya. "Eish. Kwetu hawakuulizi kitu, bwana. Wanakutazama pua tu."

Muuguzi mmoja kutoka Nagpur, mteja wa duka letu, ndiye aliyenipeleka Bertrams, chumba kimoja juu ya duka la matairi. Yule bwana mwenye suti ni Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa chini hata kuliko sisi, akawatoa watu wake kwa maelfu kwenye Uhindu akawaingiza katika Ubudha. Pale tunakaa chini, tunapika, tunakula sufuria moja. Wanajua baba yangu ni nani, niliwaambia siku ya kwanza, na wakaendelea kula.

Lakini nimetoa viapo. Kimojawapo ni kwamba sitafanya ibada za Kihindu za maiti, sitatoa vitonge vya wali kwa ajili ya marehemu. Nilipofika kwenye hicho nilimwona Bapuji mbele yangu. Nikakisema hivyo hivyo.

Karatasi zangu ziko sawa. Kuja naweza. Kuwasha siwezi. Na simu sikuifunga kwa hasira. Nikisikia sauti ya Bapuji nitakuja, nikija nitafanya kila watakaloniambia, na nikilifanya sitabaki na kitu mkononi.

Mwambie Bapuji, au usimwambie. Sijui, Dada. Wewe uko naye.

Hasmukh


Tanga, 2 Julai 2023

Hasmukh,

Leo sina habari za majirani. Salamu chukulia nimetoa.

Barua yako ilifika Bapuji akiwa macho. Alisikia karatasi inachanika. "Ya Hasmukh hiyo? Soma." Nikaona pale ulipoandika si Mhindu tena, nikaikunja. Yeye ametega sikio, mkono ameniwekea gotini. Nikamsomea barua nyingine, ya kichwani mwangu. Nikasema tajiri amekubali. Nikasema unakuja, unasubiri gari tu. Nikakutilia hata matani mdomoni, eti umenenepa, dhoti haitafunga. Alicheka, Hasmukh. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Siku ile nilijiona nimefanya kitu kizuri.

Sasa hafi.

Daktari amekuja mara nyingi, haelewi anaishi kwa nini. Amebaki ngozi na mifupa. Dawa ya maumivu inaisha nguvu kabla ya saa yake na anauma kona ya shuka ili mimi nisisikie. Maharaj ametuma ujumbe kwamba wakati umefika, tumtilie mdomoni maji matakatifu ya mto Ganga na jani la tulsi, ule mrehani wa ibada, roho ipate njia. Nikileta kijiko anafumba mdomo. Anaufumba kwa nguvu kama mtoto anayekataa dawa, na nguvu hizo sijui anazitoa wapi. Nikiondoa kijiko ndipo anasema, "Mpaka Hasmukh afike." Anaamini akishayanywa atakwenda, na akienda kabla yako atachomwa na mtu baki, bila Maharaj, kama gogo.

Ni mimi ninayemtesa. Nimemfunga baba yangu kwa uongo wangu na fundo silifikii. Nikimwambia ukweli atakufa amevunjika moyo. Nisipomwambia anaendelea kuungua akiwa hai. Ukaniandikia "wewe uko naye"! Ndiyo, niko naye. Nimekuwa naye muda wote ulipokuwa unatafuta watu wa kula nao.

Njoo. Sema maneno bila kuyaamini, kuna ubaya gani? Mimi nusu ya maneno ya hekaluni sijui maana yake na nimeyasema tangu utotoni. Shika kijinga cha moto, kiguse kuni, basi. Mengine yote nitafanya mimi. Nakuomba nikiwa nimepiga magoti hapa sakafuni, na magoti yangu unayajua yalivyo.

Zubeda ameulizauliza, akaniambia Wabudha wanaapa kutodhuru kiumbe chochote. Au kiapo hicho hukukisema?

Kusum


Troyeville, 30 Julai 2023

Dada Kusum,

Sijui nikusalimu vipi. Natumaini umelala japo kidogo. Adrien anakupa pole.

Nilikata tiketi. Nilikaa Park Station na begi langu, basi la Lusaka liko mbele yangu, watu wanapakia magodoro na majiko. Kondakta akaniita kwa jina. Sikuinuka. Nilitaka, Dada, naapa nilitaka, lakini nilijiona nimesimama mbele ya kuni za Bapuji, kichwa kimenyolewa, na Maharaj ananirushia maji kwa mbali ili asiguse vidole vyangu. Nikamwona mwenyekiti akiwanong'oneza wenzake kwamba hata waliokimbia wanarudi wenyewe. Basi likaondoka.

Nilipofika nyumbani Jocelyne alisimama mlangoni, hakunipisha. "Papa yako iko anakufa, na weye unarudia hapa na valizi? Mungu gani huyu anakukataza baba?" Nikamwambia kwetu Ubudha hatuna Mungu wa kukataza. Akasema, "Basi ni weye tu." Tangu siku hiyo hasemi na mimi.

Siji. Nichukie, una haki. Lakini usimsomee tena barua ya kichwani mwako. Ndani nimeweka karatasi yake. Msomee ilivyo, hata kama atanilaani.

Hasmukh

*Bapuji,*

*Ni mimi Hasmukh. Barua iliyosema nakuja haikuwa yangu. Kusum aliitunga kwa sababu anakupenda na mimi nilimwachia mzigo. Siji. Nimetoka katika dini yetu. Nilipika chakula hekaluni, walipojua mimi ni mtoto wako wakakimwaga. Sikuona aibu kuwa mtoto wako. Niliona aibu kwamba nilinyamaza. Nikienda kuwasha moto kwa maneno yao nitakuwa nimenyamaza tena, mara hii juu ya mwili wako. Usinisubiri, Bapuji. Unaumia bure. Fungua mdomo. Moto awashe Kusum, yeye ndiye aliyekaa nawe.*

*Mwanao.*


Tanga, 10 Septemba 2023

Hasmukh,

Nakusalimu. Mama Pandu anakusalimu pia, na ukiacha yeye sina wa kukuletea salamu zake.

Zubeda alikwama Tunduma na mzigo wake, barua ikachelewa. Ilipofika Bapuji alikuwa hawezi kujigeuza. Nilikaa kitandani pake, nikamwambia, "Ile ya kwanza niliitunga. Hii ndiyo ya Hasmukh." Nikamsomea kila neno. Pale pa chakula kumwagwa nilikwama, nikarudia.

Akatazama dari. Nilidhani hakusikia. Nikamfuta uso, nikafua shuka, nikarudi, bado anatazama dari. Mchana wote ulikwenda hivyo na mimi nikajua nimemuua. Jioni akaniita, nikainama mpaka sikio likamgusa mdomo.

"Huko alikokwenda," akasema, "wanakula anachopika?"

"Wanakula, Bapuji. Sufuria moja."

"Wakijua ni mtoto wangu?"

"Wanajua. Aliwaambia siku ya kwanza."

Akapumua. "Bahati yake," akasema. Halafu akasema tena, "Bahati yake, mtoto." Machozi yalikuwa yanamshuka kuelekea masikioni, nikayafuta, yakaja mengine. Kisha akasema, "Lete maji." Akafungua mdomo mwenyewe. Sikutumia nguvu hata kidogo. Alikwenda kabla kina Mama Pandu hawajamaliza kuswali magharibi.

Maharaj aliposikia mwana haji alituma mtu kusema ana homa. Mwenyekiti akaja kwa upole wake ule, akapendekeza kijana mmoja wa dukani kwake ashike nafasi yako. Nikamuuliza huyo kijana aliwahi kumgeuza Bapuji kitandani? Akaondoka. Waliombeba ni mafundi viatu wenzake wa sokoni, Waislamu na Wakristo, wameacha vibanda vyao wazi. Mwanamke haendi kwenye uwanja wa kuchomea, unajua. Nilikwenda. Kuni zilikuwa na unyevu, zilinikatalia, nikamwaga samli yote iliyokuwa koponi na nikashika kijinga mpaka zikakubali. Vidole vimebabuka lakini vinapona.

Wanawake wa Jumuiya hawakuja kukaa na mimi. Kwenye msiba wetu jiko haliwashwi, jirani ndiye analeta chakula, na aliyeleta ni Mama Pandu, wali na maharage, siku zote. Nikipita sokoni wake wa wenye maduka wanaangalia vitambaa vyao.

Usidhani nakuandikia kukusamehe. Sijafika huko, na sijui kama nitafika. Ulikuwa sahihi kuhusu barua, Bapuji alikuwa na nguvu ya kusikia ukweli kuliko mimi na wewe. Lakini pale uwanjani nilisimama peke yangu, Hasmukh, moshi unanipiga usoni, na nilikutafuta kwa macho ingawa nilijua hupo.

Kuna jambo nataka unijibu, na usinizungushe kwa habari za hita na umeme. Mimi sikuolewa, nilibaki kumtunza yeye. Mtoto sina. Baada ya nililolifanya, Jumuiya hawatanigusa nikiwa hai wala nikiwa maiti. Wewe una watu wako wa sufuria moja, na viapo vyako viko salama. Bapuji alikuwa na mimi.

Siku yangu ikifika, moto wangu atauwasha nani?

Kusum